Barua za Kiangazi Kimoja

Kaeni vizuri, wanangu. Leo sitawasimulia hadithi. Nitawasimulia yaliyowapata watu waliosoma hadithi. Ila hamtaelewa kwa nini walipandwa na hasira kiasi kile mpaka muijue hadithi yenyewe, kwa hiyo nitaidokeza. Anayetaka kujisomea bila kujua mwisho wake, aruke aya mbili zinazofuata. Sitamlaumu.

Hadithi inaitwa The Lottery, yaani bahati nasibu. Aliyeiandika ni Shirley Jackson, mama wa Kimarekani wa miaka 31, aliyekuwa akiishi na mumewe na watoto wao North Bennington, kijiji cha jimbo la Vermont. Ilitoka katika jarida la The New Yorker la Jumamosi, tarehe 26 Juni 1948. Ndani ya hadithi ni tarehe 27 Juni, asubuhi ya jua, yapata saa nne. Wanakijiji kama mia tatu wanakusanyika uwanjani. Watoto wametangulia, maana shule zimefungwa juzijuzi tu, na wavulana wanajaza mawe mifukoni, wakichagua yaliyo laini na ya mviringo. Wanaume wanazungumzia mvua, matrekta na kodi. Wake zao wanafika nyuma yao, wakipeana umbea. Bwana Summers, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, analeta kasha jeusi kuukuu lililobanduka rangi. Mama mmoja, Tessie Hutchinson, anachelewa. Anakuja mbio akijifuta mikono kwenye aproni, anasema alisahau kabisa kwamba leo ndiyo siku yenyewe, na watu wanacheka naye.

Kila familia inatoa kikaratasi. Kura inaiangukia familia ya Hutchinson, na hapo Tessie anaanza kulalamika kwamba mumewe hakupewa nafasi ya kuchagua vizuri. Kura inarudiwa, safari hii baina ya baba, mama na watoto wao watatu. Kikaratasi chenye doa jeusi kinakuwa cha Tessie. Basi wale wale waliokuwa wakitaniana naye muda mfupi uliopita wanaokota mawe. Mama Delacroix, aliyekuwa akizungumza naye kirafiki tangu afike, anachukua jiwe kubwa hata inambidi alishike kwa mikono miwili. Mtu mwingine anampa Davy, mwana mdogo wa Tessie, vikokoto vichache. Hadithi inaishia hapo. Mzee Warner, ambaye mwaka huu ni mara yake ya 77 kushiriki kura, ana usemi wa kale unaohusisha shughuli hiyo na mavuno ya mahindi. Zaidi ya hilo hakuna maelezo.

Sasa njooni kwenye barua ambazo wasomaji walimwandikia Jackson.

Miaka kadhaa baadaye Jackson alitoa mhadhara kuhusu jambo hili. Alisema kiangazi kile alipokea barua zaidi ya 300, na kati ya hizo ni 13 tu zilizokuwa na neno jema, nazo nyingi ziliandikwa na marafiki zake. Jarida lilikuwa likimpelekea barua kumi, kumi na mbili kwa siku. Ikambidi achukue sanduku kubwa kuliko yote pale posta ya kijijini, na mkuu wa posta hakuwa akimsemesha. Kumbukeni kwamba ndani ya hadithi, anayekaa na Bwana Summers usiku kuandaa vile vikaratasi ni mkuu wa posta wa kijiji. Ningekuwa mimi ndiye mkuu wa posta wa North Bennington, nisingemsemesha pia.

Mama yake mzazi naye hakubaki nyuma. Alimwandikia kwamba yeye na baba hawakuipenda hata kidogo, na kwamba yaelekea vijana wa siku hizi wanawaza mambo ya huzuni tu. Akamuuliza kwa nini asiandike kitu cha kuwachangamsha watu. Hebu fikirini: nchi nzima inakutukana, unafungua barua ya mama ili upate faraja, kumbe naye yumo!

Kulikuwa na matusi, bila shaka, na wako waliotishia kuacha kabisa kulinunua jarida. Kulikuwa na waliobuni maana zao wenyewe na kutaka kuambiwa kama wamepatia. Hao nawaacha, kila mwandishi huwapata. Barua ninazotaka tukae nazo ni zile zilizouliza: ni wapi? Siku hizo The New Yorker halikuwa likionyesha wazi ipi ni habari ya kweli na ipi ni ya kubuni, hivyo wapo waliodhani wanasoma taarifa ya mambo yanayotendeka. Wakataka kujua kijiji hicho kiko pande zipi. Na wengine, ambao ndio waliomshtua Jackson kuliko wote, wakauliza kama wageni wanaruhusiwa kwenda kutazama.

Kutazama! Mtu amesoma habari ya mama anayepigwa mawe, na swali lililomjia ni la nafasi ya kusimama.

Msidhani waliosumbuliwa na hadithi hii walikuwa watu wasiosoma tu. Alfred Kroeber, mmoja wa wanaanthropolojia wakubwa wa Marekani, aliyetumia maisha yake kuchunguza mila za watu mbalimbali, aliisoma akakasirika. Binti yake ndiye aliyesimulia baadaye. Lalamiko la baba lilikuwa kwamba Jackson hakueleza, wala asingeweza kueleza, jinsi mila kama hiyo inavyoweza kuota mizizi mpaka jamii nzima ikaikubali. Ni swali zuri kwa kitabu cha chuo kikuu. Kwa hadithi hii naona lilikosea mlango, kwa sababu watu wa kile kijiji wenyewe hawajui kura ilianzaje. Wamesahau nusu ya taratibu zake. Walichokumbuka vizuri ni mawe tu. Kama Jackson angeandika aya moja ya asili na sababu, msomaji angevuta pumzi, akasema, “Aa, kumbe ni kabila fulani, ni dini fulani, si sisi.”

Ndiyo maana walitaka sana jina la mahali. Ukipewa jina la mahali, unajua umbali. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu, na dunia ilikuwa bado inahesabu waliouawa na majirani zao, watu waliokuwa wakisalimiana nao asubuhi. Marekani ilizoea kuyasoma hayo kama mambo ya ng'ambo. Ghafla jarida la heshima linawaletea uwanja wenye posta na benki, akina mama wenye aproni, na majina kama ya jirani zao. Jackson alipobanwa sana alitoa maelezo katika gazeti la San Francisco, Julai 1948. Alisema alichotumaini ni kwamba, kwa kuichukua ibada ya kale yenye ukatili na kuiweka katika wakati huu na katika kijiji chake mwenyewe, angewashtua wasomaji waone ukatili usio na maana uliomo katika maisha yao wenyewe. Kwa hiyo jibu la “wapi?” lilikuwa: kwangu. Na kwako.

Ninyi mnaosoma hapa nadhani hamtauliza wapi. Aliyewahi kusikia mtu mmoja akipiga kelele za “Mwizi!” sokoni, akaona wauza nyanya na makondakta, watu wa kawaida kabisa, wakiinama kutafuta jiwe kabla hata hawajajua kilichoibwa, atakifikia kijiji cha Bwana Summers bila ramani.

Iko nchi moja ambayo haikutuma swali. Mume wa Jackson alisimulia kwamba Afrika Kusini iliipiga hadithi hii marufuku, na kwamba mkewe alijivunia jambo hilo, kwa kuona kwamba wale angalau wameielewa. Mwezi mmoja tu kabla haijachapishwa, chama kilicholeta sera ya ubaguzi wa rangi ya apatheidi kilikuwa kimeshinda uchaguzi huko.

Na yule binti wa Kroeber? Jina lake ni Ursula K. Le Guin. Alikuwa kijana baba yake alipokuwa akinung'unika. Mwaka 1973, akiwa mwandishi mashuhuri, alitoa hadithi yake, The Ones Who Walk Away from Omelas, kuhusu mji wenye raha zote ambazo zinategemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa chini ya jengo. Watu wazima wote wa mji wanajua. Walio wengi wanakubali, na wachache wanaondoka kimyakimya, wasirudi. Le Guin naye hakueleza mpango huo ulianzaje, na sidhani kama baba angemsamehe. Wasomaji wanabishana mpaka leo: je, kuondoka kunamsaidia nini mtoto yule? Mmoja wao, N. K. Jemisin, hakuandika barua ya malalamiko. Mwaka 2018 alichapisha hadithi kamili ya kumjibu Le Guin, ambamo watu hawaondoki, wanabaki wapigane. Na hiyo nayo imeshapata wasomaji wanaoipinga.