KWENU WAPI? Matembezi ya wawili katika magofu ya Korogwe na Handeni

*Huhitaji visa ya Ugiriki ili kutembea juu ya historia. Siku tatu, viatu vya kufunga na mwenzi anayependa kuuliza maswali vinatosha.*

Taja neno magofu mbele ya watu, kila mmoja atakuja na lake. Mwenye kusoma majarida ya safari atakutajia Athens, na lile hekalu la Parthenon lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo. Mzalendo atakwambia Kilwa Kisiwani, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, au Kaole pale Bagamoyo. Mtu wa Tanga atasema Tongoni. Korogwe? Hakuna atakayeitaja. Handeni ndiyo kabisa!

Wengi wetu Korogwe tunaijua kwa dirisha la basi. Unashuka, unanunua chipsi kuku, unakimbilia chooni, dereva anapiga honi, safari ya Moshi au Arusha inaendelea. Lakini mji huo na jirani yake Handeni vina magofu ya aina yake: stesheni, viwanda, kambi za vibarua na njia za misafara. Si mawe ya matumbawe ya masultani. Ni kuta za watu wa kawaida, na kwa sababu hiyo huenda babu yako mwenyewe amepita hapo.

Babu wa mume wangu alipita. Siku ya posa yetu wazee wa upande wangu waliuliza swali ambalo kila bwana harusi huulizwa: "Kwenu wapi?" Akajibu Korogwe. Wazee wakatabasamu, wakauliza tena, "Korogwe ni mlipozaliwa. Kwenu wapi?" Hapo pakawa kimya. Alichojua ni kwamba babu yake alitoka Songea kama manamba na hakurudi. Kijiji gani, ukoo gani, hakuna aliyekuwa na jibu. Ndoa ilifungwa, maisha yakaendelea. Sasa binti yetu ameanza shule na amelileta swali lile lile mezani. Basi tukafunga mabegi.

Stesheni iliyozaa mji

Anzeni na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo mizigo ya bonde hili ilikwenda kichwani mwa wapagazi. Mwaka 1963 ikaongezwa njia ya kuunganisha Mruazi, upande huu wa Korogwe, na Ruvu kwenye reli ya kati, ndipo Tanga na Dar es Salaam zikashikana mikono kwa reli. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilikaa miaka mingi bila kuonekana, ikarudi Desemba 2019.

Tembeeni taratibu kando ya reli, mkitazama nyumba za zamani na vyuma vilivyochoka. Mume wangu alisimama pale akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kulisema: kwamba akiwa mtoto alidhani babu yake alikuwa anangoja treni ya kurudi kwao, kwa sababu kila jioni alikuwa anakwenda kukaa karibu na reli. Wenzangu, mkitaka kumjua mwanaume, mtoeni sebuleni mtembee naye.

Korona na makambi

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa haufiki hata tani 30,000.

Na hapa kuna kichekesho cha historia. Mnaotamani Ugiriki mjue kwamba Wagiriki wenyewe walikuja huku! Walikuwa miongoni mwa wenye mashamba wengi wa mkonge katika Tanganyika ya Mwingereza. Watalii wanakwenda kwao kutazama walichoacha mababu zao wa kale, na hapa kwetu kuna walichoacha babu zao wa juzi.

Moyo wa shamba la mkonge ni korona, kiwanda chenye mashine ya kukwangua majani mpaka zibaki singa. Korona inakula maji mengi, ndiyo maana nyingi zilijengwa karibu na mito. Singa zinaanikwa juani kwenye waya, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Katika jani zima, singa ni takriban asilimia 4 tu. Kinachobaki zamani kilikuwa uchafu wa kumwaga, ingawa pale Hale walikuja kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na uchafu huo. Msidhani kila kitu ni gofu: katika mashamba kama Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi wakulima wadogo wanalima mkonge kupitia vyama vyao vya ushirika. Katika safari moja mtaona korona inayonguruma na nyingine iliyoota mti ndani.

Tulipata ruhusa ya kuingia kwenye kambi moja ya zamani nje ya mji. Vyumba vimepangwa mstari kama mabehewa, bati limeng'olewa, sakafu imebaki. Kila chumba ni hatua zangu nne kwa nne. Humo walilala wanaume walioandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kutafuta vibarua mbali: Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi, mpaka Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndipo likaja jina manamba. Alipewa na kipande cha siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa.

Mzee mmoja jirani alitukaribisha kwenye kigoda. Tulimwamkia, akaitika, akamtazama mume wangu muda mrefu.

"Mjukuu wangu, unatafuta jina gani?"

Mume wangu akataja jina la ukoo tunalotumia, hilo hilo lililo kwenye vyeti vya watoto wetu. Mzee akatikisa kichwa.

"Hilo ni la karani. Mtu anafika amechoka, hajui kusoma, karani anaandika anachosikia. Wengine waliandikwa jina la rafiki waliyesimama naye kwenye foleni. Wewe tafuta jina alilokuwa anaitwa nyumbani, siyo la kwenye kipande."

Nilimwona mume wangu anashika ukuta. Kwa miaka mingi ndugu zake walikuwa wameuliza Songea kwa jina hilo na kuambiwa halipo. Sasa tukaelewa kwa nini. Mzee akatuonyesha miembe upande wa pili, ambako watu wa kusini walizikana. Hakuna misalaba wala maandishi, ni matuta tu na majani makavu. Tulisimama hapo kama robo saa. Sikusema neno, na nawashauri wanawake wenzangu, kuna nyakati kazi ya mke ni kushika mkono tu.

Njia ya misafara

Siku ya pili tuliwafuata waliokuwa hapa kabla ya mkonge. Bonde la mto Pangani, ambao wenyeji wengi wanauita Ruvu, lilikuwa barabara kuu ya kutoka pwani kwenda bara. Wasafiri wa karne ya 19 walikuta vijiji vilivyojengwa kwenye visiwa vya mto, Korogwe ikiwemo, maji yakiwa ndiyo ukuta wa kuzuia maadui. Jina la kata ya Old Korogwe linakukumbusha kwamba mji wa stesheni si ule wa kwanza. Na watafiti waliochimba bonde hili wamekuta shanga na makombe ya baharini mbali kabisa na pwani. Biashara hapa ni ya kale kuliko Mjerumani.

Juu milimani, Vuga, alikaa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi. Krapf alimtembelea mwaka 1848 na 1852, Burton na Speke wakafika kwake mwaka 1857. Baada ya kifo chake mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini kwenye tambarare, barabarani hasa, ambako misafara na bunduki vilipita. Nani alimpiga nani, ndugu gani aligeuka ndugu gani, hayo msome wenyewe katika *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, kilichoanza kuchapwa miaka ya 1890 katika kiwanda cha wamisionari wa Magila. Familia zina mambo tangu zamani, jamani!

Handeni na Juni 1916

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 65 za lami. Dirishani unaona milima inabaki nyuma na nchi inakuwa kavu, vichaka na mahindi. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka na bonde hili yakiwafukuza Wajerumani. Mombo, Korogwe na Handeni zote zilichukuliwa mwezi huo mmoja. Wajerumani walikuwa wamelaza reli nyembamba ya toroli kutoka Mombo hadi Handeni ili wahamishe mizigo. Vitabu vinataja majenerali. Wapagazi waliobeba vita ile vichwani wamebaki bila majina, kama wale wa chini ya miembe.

Waliorudi

Lakini kilichonishika Handeni si ukuta. Ni habari ya watu.

Miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua. Simulizi zinasema baadhi yao walishuka pwani wakaahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani kwenye pwani ya Somalia. Baadaye wengi walitoroka, wakiongozwa kwa mujibu wa masimulizi na mwanamke aliyeitwa Wanankhucha, wakaanzisha vijiji vyao kando ya mto Juba. Walikaa huko zaidi ya miaka 150, wakiendelea kuongea Kizigua ndani ya nyumba zao.

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania kama wakimbizi. Walipokelewa kambi ya Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 makazi ya Chogo yakafunguliwa kwa ajili yao. Walipoongea, wenyeji wakawaelewa. Hawakuwa na cheti, wala kaburi la kuonyesha. Walikuwa na lugha. Wengi wamepewa uraia katika miaka iliyofuata.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni Handeni, mume wangu alimpigia simu shangazi yake mkubwa. Hakumwuliza tena babu alitoka wapi. Alimwuliza: "Shangazi, bibi alikuwa anamwamkiaje babu asubuhi?" Shangazi akacheka, akanyamaza, kisha akatamka neno. Jina la ukoo wa Kingoni, la heshima, ambalo bibi alilitumia kila siku na hakuna aliyewahi kuliandika. Mume wangu aliliandika kwenye risiti ya maji ya kunywa. Songea tutakwenda Inshallah mwakani, na safari hii tunajua tunauliza nini.

Kwa nini twende mapema

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940. Hesabu mwenyewe: stesheni, korona, kambi za manamba, vyote vimekuja baada ya 1863. Bila tangazo maalumu la serikali, gofu la aina hii ni tofali na bati la kujengea banda. Siwalaumu wanaochukua, maisha ni magumu. Ila wazee wanaojua nani alilala chumba gani nao wanaondoka, na wao hawana tangazo la kuwalinda.

Ukitaka kwenda na wako

• *Njia:* Kutoka Dar es Salaam pitia Chalinze na Segera hadi Korogwe. Handeni unaweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

• *Wakati:* Juni hadi Septemba ni pakavu. Epuka masika, Machi hadi Mei. Barabara za mashambani zinateleza kama sabuni.

• *Ruhusa:* Mashamba yana wenyewe. Pita ofisi ya shamba au kwa afisa mtendaji wa kijiji, jitambulisheni, ndipo muingie. Mkipata mwenyeji wa kuwaongoza, mlipeni vizuri.

• *Mavazi:* Viatu vya kufunga na suruali au sketi ndefu. Majani ya mkonge yana miiba, na magofu yana nyoka na nyuki. High heels ziacheni hotelini.

• *Maji:* Bebeni ya kutosha, hasa upande wa Handeni.

• *Heshima:* Msiokote kitu, msikae juu ya matuta bila kuuliza. Huenda ni kaburi la mtu.

• *Maswali:* Kabla ya kuondoka, kila mmoja apige simu kwao na kuuliza jina la nyumbani la babu na bibi, si lile la kwenye vyeti. Mkiwa bado wachumba ndiyo vizuri zaidi, maana wazee watauliza tu.