Annexe: komine inayozunguka Lubumbashi

Uliza watu watatu, wa Kalebuka, wa Kasungami na wa Luwowoshi, wanakaa wapi. Wote wanaweza kukujibu "ku Annexe", na bado kila mmoja anakaa mbali na mwenzake. Juu ya nini? Juu komine hii haiko upande mmoja wa mji. Inazunguka zile komine sita zingine, Lubumbashi, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya na Ruashi, kama pete.

Jina lake ni la wakati wa Wabelgiji. Mji ulianzishwa 1910, reli ilipofika, na shaba ya kwanza ikayeyushwa 1911. Wazungu wakakaa katikati. Waafrika wakawekwa kwenye cité: Kamalondo kwanza, nyuma Kenya, Katuba na Ruashi, na viwanja vikapimwa kwa mistari. Eneo la nje, lenye vijiji na mashamba, watawala waliliita "zone annexe", ni kusema kipande kilichobandikwa pembeni.

Kipande hicho ndicho kilichobaki na nafasi. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, na kisha Sheria ya Madini ya 2002 ilipoleta kampuni mpya, wengi walitafuta kiwanja cha bei nafuu, na kilipatikana ku Annexe. Nyumba zikatangulia, barabara, bomba la maji na waya wa umeme vikafuata polepole, pengine havijafika. Ndiyo maana kisima ndani ya parseli ni kitu cha kawaida kule.

Lakini shida kubwa ni karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Shefu wa kijiji naye anajua babu zake walilima pale, basi anauza na kutoa karatasi yenye saini yake. Mnunuzi anajenga kwa imani. Siku moja mtu mwingine anakuja na "certificat d'enregistrement" ya kiwanja kilekile, na mbele ya korti hiyo ndiyo inayotambuliwa. Shefu amekwisha kula pesa, na nyumba imefika kwenye bati.

Kwa hiyo, mbele ya kupanga tofali la kwanza, pita ofisi ya ardhi na ile namba ya parseli, uliza kama tayari iko na jina la mtu.