Unauza baiskeli mtandaoni? Bana breki kabla mteja hajabana

Mteja kaona picha, kaipenda, bei mmeelewana. Kafika kukagua. Kitu cha kwanza anabana breki, mkono wa breki unazama laini mpaka unagusa usukani. Hapo anashusha bei au anaondoka. Na akinunua bila kujaribu ndiyo mbaya zaidi, maana atakuja kugundua akiwa kwenye mteremko.

Mimi yalinikuta. Niliuza baiskeli ya mtumba yenye breki za diski za mafuta, yaani haidroliki. Ikapandishwa kirikuu magurudumu juu. Jioni simu: “Kaka, hii breki mbona haishiki?” Nilirudisha hela, na nauli juu yangu. Tangu siku hiyo sipandishi tangazo kabla ya kukagua haya:

1. Jua shida ni ipi
Mkono kuwa mbali na vidole si ubovu. Kwenye breki nyingi kuna skrubu ndogo karibu na mkono, au kitasa cha kuzungusha kwa vidole. Zungusha kidogo kidogo mpaka kidole kimoja au viwili vifike bila kujinyoosha. Ila kumbuka, hiyo inasogeza mkono tu. Breki laini haiponi hapo.

2. Laini kama sponji? Shuku upepo
Baiskeli ikikaa kichwa chini, upepo uliomo kwenye tanki dogo la mafuta unaweza kuingia kwenye mpira. Isimamishe wima, bana na kuachia taratibu mara kadhaa. Ikikaza ukipampu halafu ikalegea tena, peleka kwa fundi atoe upepo. Angalia pia kama breki pedi zimeisha au mafuta yanavuja kwenye maungio.

3. Mafuta hayachanganywi
Shimano wanatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM zinatumia DOT. Ukiweka yasiyo yake, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Soma maandishi kwenye breki yenyewe kabla fundi hajafungua chupa.

4. Umetoa gurudumu? Usibane
Pistoni zitasogeleana na diski haitaingia tena. Ukisafirisha, chomeka kipande cha kadibodi ngumu katikati ya pedi.

5. Usipulizie oili karibu na diski
Najua unataka baiskeli ing'ae kwenye picha. Lakini pedi ikinyonya oili inapiga kelele na haishiki. Diski ifute kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa safi.

6. Mwambie mteja breki ya mbele iko wapi
Baiskeli za Japani na Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za Marekani na nchi nyingi za Ulaya iko kushoto. Asiyejua akibana ya mbele kwa nguvu anaweza kuruka juu ya usukani.

Mwisho, rekodi video fupi ukibana breki zote mbili, iweke kwenye tangazo. Kama ya nyuma ina upepo, andika hivyo hivyo na upunguze bei. Ukweli unaweza kukupunguzia faida ya leo, ila mteja anarudi, na anakuja na mwenzake.

Wewe ulisharudishiwa mzigo kwa sababu ya kitu kidogo kama hiki? Tuambie kwenye komenti, na mtumie mwenzako anayeuza baiskeli.