Kompyuta inayosoma kwa sauti

Wazazi wapendwa hapa Rusizi, mtoto wetu asiyeona anaweza kusoma barua yake mwenyewe, jirani asijue siri ya nyumba. Kompyuta inamsomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Anafanya kazi kwa vidole na masikio tu, kipanya si lazima.

Programu ya JAWS, ya Windows, ni nzuri lakini ghali. VoiceOver imo tayari ndani ya Mac, ila Mac yenyewe bei kali. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, naye haoni, ni bure kabisa! Inasoma hata Kiswahili. Inabebwa kwenye flashi, mtoto anaichomeka kwenye kompyuta ya Windows ya wote.

Basi, kabla ya kukopa pesa, tujaribu NVDA kwanza.