MWINGAJINI: MBEGU ZAKE SI ZA WATOTO

Kando ya njia, kwenye viwanja vilivyoachwa na nyuma ya mabanda ya mifugo huota kichaka kidogo chenye maua ya njano, ambacho wengi wanakijua kwa harufu yake mbaya. Ni mwingajini, ambao wengine huuita mnuka-uvundo. Wazee wa pwani waliutumia kama dawa, na katika nchi mbalimbali mbegu zake hukaangwa na kunywewa kama kahawa. Mwezi huu tunapenda kueleza matumizi ya mmea huu pamoja na hatari yake, kwa maana hatari hiyo huwapata zaidi watoto wadogo.

1. Tuutambue

Mwingajini ni wa jamii ya kunde. Wataalamu wa mimea huuita Senna occidentalis, na katika vitabu vya zamani umeandikwa Cassia occidentalis. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini leo umeenea sehemu nyingi za joto duniani, Afrika Mashariki ikiwamo. Kwa kawaida hujiotea wenyewe kama gugu.

Kimo chake ni kati ya nusu mita na mita mbili. Kila jani lina vijani vidogo jozi nne hadi sita, vyenye ncha. Ukivifikicha vinanuka. Maganda yake ni membamba, yamebapa na kupinda kidogo kuelekea juu, na urefu wake ni sentimita 8 hadi 12 hivi. Ndani zimo mbegu nyingi zilizopangana. Yakikauka huwa ya rangi ya kahawia, na kingo zake huwa na rangi hafifu zaidi. Yafaa kuujua mmea huu kwa umbo lake, kwa sababu majina hubadilika toka kijiji hadi kijiji.

2. Watu huutumiaje?

Jina lenyewe lina maana. Kuwinga ni kufukuza, kama mtu awingavyo ndege shambani, na watu waliamini kwamba mmea huu hufukuza majini. Mizizi na majani yake huchemshwa kwa ajili ya homa, maumivu ya tumbo na kufunga choo. Majani yaliyopondwa hupakwa penye magonjwa ya ngozi.

Si yote ni imani tupu. Mwingajini una kemikali ziitwazo antrakwinoni, ambazo husukuma matumbo na kulegeza choo. Sanamaki, ambayo ni dawa ya choo inayojulikana tangu zamani, ni ndugu yake wa karibu. Kuhusu homa, watafiti wa Kinshasa walieleza mwaka 2001 kwamba dawa iliyokamuliwa katika mmea huu ilipunguza vijidudu vya malaria katika panya. Lakini panya si mtoto, na dawa iliyopimwa katika maabara si sawa na sufuria ya majani. Mwenye homa apelekwe zahanati, apimwe damu, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto kwa kipimo cha uzito wake.

Upande wa jikoni, mbegu zilizokaangwa na kusagwa hutoa kinywaji cheusi chenye ladha inayokaribia kahawa, ila hakina kafeini. Moto hupunguza sumu iliyomo katika mbegu. Hata hivyo moto wa jikoni hauna kipimo: leo mbegu zimeiva mpaka ndani, kesho zimebabuka juu tu. Kwa hiyo hatushauri familia kunywa kahawa hiyo, na watoto na mama wajawazito wasipewe kabisa.

3. Yaliyotokea Uhindi

Magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh, watoto wadogo wa vijijini walikuwa wakiugua ghafla kila mwaka, baada ya mvua kwisha. Walitapika, wakachanganyikiwa, wakapata degedege na kupoteza fahamu. Wengi wao walifariki katika siku chache. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni homa ya ubongo iletwayo na virusi.

Daktari wa watoto Vipin Vashishtha na wenzake wa wilaya ya Bijnor waliwauliza wazazi wa watoto wagonjwa na wa watoto wazima vitu walivyokula watoto wao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: wengi wa wagonjwa walikuwa wamekula mbegu za mwingajini walipokuwa wakicheza. Sumu yake hudhuru ini, misuli na ubongo kwa pamoja. Mwaka 2016 mbegu hizo zilitajwa tena katika vifo vya watoto wengi wilayani Malkangiri, katika jimbo la Odisha.

Nasi tunalo la kujifunza hapa. Maganda mabichi yanafanana na kunde, na mtoto mwenye njaa hachagui. Tena mzazi asiyejua, akimwona mtoto anatetemeka mwili na kusema maneno yasiyoeleweka, aweza kudhani kuwa ni majini, akamfukiza kwa mmea uleule. Hapo saa za kumwokoa hupita bure.

4. Mifugo nayo

Ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku hudhurika pia, hasa mbegu zinapochanganyika na mahindi au mtama wa chakula chao. Ng'ombe aliyekula huishiwa nguvu za misuli, hulala asiweze kuinuka, na mkojo wake huwa mweusi. Nafaka ya mifugo ipepetwe kwanza.

5. Tufanye nini nyumbani?

(a) Tung'oe mwingajini ulio karibu na nyumba, shule na viwanja vya michezo, kabla maganda hayajakomaa. Mbegu zikianguka, mwaka ujao utaota tena.

(b) Tuwaonyeshe watoto mmea wenyewe na maganda yake, na kuwaambia wazi kwamba hayaliwi. Wale wakubwa wawalinde wadogo zao.

(c) Mtoto asinyweshwe dawa ya mwingajini, iwe ya majani, mizizi au mbegu. Mama mjamzito naye asiinywe.

(d) Mtoto akila mbegu, apelekwe hospitali mara moja hata kama bado anacheza. Asilazimishwe kutapika. Chukueni ganda au tawi la mmea, mganga aone alichokula.

(e) Akipata degedege njiani, alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, na safari iendelee. Dawa maalumu ya kuondoa sumu hii haipo, lakini hospitali yaweza kuzuia degedege, kuongeza maji na sukari mwilini, na kumsaidia kupumua. Kadiri anavyofikishwa mapema, ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa.

Wazee wanaoujua mmea huu tuwaheshimu, na tuwaombe watusaidie kuwaonyesha vijana. Anayejua dawa ilipo ndiye anayeweza kutuonyesha na sumu ilipo. Leo jioni, kabla giza halijaingia, tuzunguke nyumba zetu tukaangalie kama umeota.