Biringanya ya kujazwa karanga: mboga ya Maharashtra isiyodai nyama

Biringanya ikifika mezani katika nyumba zetu nyingi, swali ni lile lile: nyama iko wapi? Tumezoea kuikata vipande, kuikaanga na kitunguu na nyanya, au kuitia ndani ya samaki mkavu ili sufuria ionekane imejaa. Ikiletwa peke yake, baba anatazama sahani kama mtu aliyepunjwa. Na nyama, sote tunajua bei yake sokoni. Juma hili tunawaletea chakula cha watu ambao kwao biringanya si msaidizi wa nyama. Yenyewe ndiyo kitoweo.

Kinaitwa bharli vangi. Ni maneno ya Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kwenye miji ya Mumbai na Pune. Bharli ni ya kujazwa, vangi ni biringanya. Majirani wao nao wana ya kwao: Andhra Pradesh wanapika gutti vankaya, Hyderabad wanajivunia bagara baingan yenye ukwaju mwingi. India ni kati ya nchi ambako biringanya ilianza kulimwa, kwa hiyo wamepata muda wa kutosha kuichunguza. Karanga ni mgeni kule, kama ilivyo kwetu. Ilitoka Amerika ya Kusini. Lakini mgeni huyo ndiye anayeibeba mboga hii.

Msidhani watu wote wa Maharashtra hawali nyama. Wengi wanakula samaki, kuku na mbuzi. Ila kuna familia zisizoigusa kabisa, na nyingine zinaiacha siku fulani za ibada. Basi mama wa kule ilimpasa ajue kushibisha nyumba bila nyama, na watu wasinung'unike. Karanga na ufuta vinaleta mafuta na protini, nazi inaleta utamu, ukwaju unaamsha ulimi. Biringanya yenyewe haina nguvu nyingi. Kazi yake ni kunywa ladha zote hizo na kuzishika.

Kazi inaanza sokoni. Chagua biringanya ndogo, za mviringo, zisizozidi yai la kuku kwa ukubwa, ngozi iking'aa na kikonyo kikiwa bado kijani. Zile kubwa ndefu zina mbegu ngumu na hazijaziki vizuri. Geuza kila moja: ukiona tundu dogo, iache, kwa kuwa mdudu ameshaingia. Huko Maharashtra kuna nyumba za Wahindu zinazoacha kula biringanya miezi minne ya majira ya mvua, na wazee wao husema ni kwa sababu ya wadudu hao.

Kwa karanga, hapo tusifanye mzaha. Karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, usiseme utaikaanga mpaka iive. Sumu ya ukungu ule haimalizwi na moto, nayo inaharibu ini, la watoto hasa. Nunua nzima, uchambue mwenyewe mchana kwenye mwanga. Unga wa karanga uliokwisha kusagwa hauonyeshi kilichomo.

Kwa watu wanne, tafuta biringanya 8. Kaanga kikombe nusu cha karanga bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka maganda yatoke ukizisugua. Kisha vijiko 2 vya ufuta na vijiko 3 vya nazi kavu iliyokunwa, ambavyo havikawii kuungua. Twanga vyote katika kinu, lakini acha chembechembe. Ukisaga laini kama siagi, mchuzi unakuwa uji. Changanya na kitunguu kimoja kilichokatwa kidogo kidogo, vitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga kadiri ya nyumba yako, na chumvi. Wao wanaongeza masala yao iitwayo goda, yenye mbegu za giligilani, mdalasini na karafuu. Unga wa kari wa dukani utakufaa, ila usizidishe kijiko kimoja cha chai. Mwisho tia maji mazito ya ukwaju na kipande kidogo cha sukari guru. Ukikosa ukwaju, limau; ukikosa sukari guru, sukari ya kawaida kidogo.

Sasa kisu. Usikate kikonyo. Pasua biringanya msalaba kuanzia chini, ukisimama karibu na kikonyo, ili vipande vinne vibaki vimeshikana. Ziloweke katika maji ya chumvi zisije zikawa nyeusi. Zikaushe, fungua kwa vidole, jaza mpaka ndani kabisa, ufinye. Mchanganyiko unaobaki ni wa mchuzi.

Pasha vijiko 4 vya mafuta ya karanga. Mawese ni matamu, lakini hapa yatafunika kila kitu. Panga biringanya, zigeuze taratibu kwa dakika 5, kisha ufunike na kifuniko chenye kina, umimine maji juu ya kifuniko chenyewe. Ni mbinu ya wamama wa kule: mvuke unagonga kifuniko chenye maji na kurudi chini, chakula hakiungui, na maji yale ya juu yakishapata moto unayatia ndani kuwa mchuzi. Kwenye mbabula punguza makala, kwani moto mkali utapasua biringanya kabla hazijaiva. Tia mchanganyiko uliobaki na kikombe kimoja cha maji hayo, ufunike tena dakika 15 hadi 20. Kisu kikipita karibu na kikonyo bila kushika, na mafuta yakielea juu, epua.

Wao wanaila na bhakri, mkate bapa wa unga wa mtama au uwele, wakimega kwa mkono. Bugali wa mtama unaikubali vizuri kuliko wali, kwa maoni yangu, maana mchuzi huu ni mzito. Gawa biringanya mbili kwa kila mtu, nzima na vikonyo vyake, hata kwa mtoto. Ikibaki, ifunike na kuiweka mahali pa baridi. Ikipashwa moto vizuri asubuhi, ukwaju umekwisha kuingia ndani na ladha inazidi ya jana.