Mafuta ya Mwamba Yametoka Wapi?

Karibu na mji wa Kisangani, kandokando ya mto Lualaba, kuna mawe ya ajabu. Yana rangi ya giza, nayo yamepangwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa za kitabu. Kipande chake kikitiwa motoni hutoa moshi wenye harufu ya petroli. Je, mafuta yaliingiaje ndani ya jiwe?

Neno petroli limetoka katika Kilatini. Petra ni mwamba, oleum ni mafuta. Basi petroli ni mafuta ya mwamba. Lakini mwamba hauzai matunda kama mchikichi. Kwa hiyo wenye elimu walishindana muda mrefu juu ya asili ya mafuta hayo.

Wengine walisema yametoka vilindini mwa dunia, pasipo kiumbe hai cho chote. Mwaka 1877 Mrusi mashuhuri, Dmitri Mendeleev, alifundisha kwamba maji hushuka katika nyufa za ardhi, hukutana na chuma chenye kaboni kilicho moto sana, na hapo mafuta huzaliwa. Mwaka 1951 Mrusi mwingine, Nikolai Kudryavtsev, alitetea wazo la namna hiyo.

Wengine walisema, sivyo. Zamani sana mimea midogo mno iliishi majini. Ilipokufa ilizama, ikafunikwa na tope lisilo na hewa. Tope likawa jiwe, likazikwa chini zaidi. Huko joto la digrii 60 hadi 120 liliyapika mabaki yale polepole, kwa mamilioni ya miaka, yakawa mafuta.

Nani asadikiwe? Hakuna mtu aliyekuwapo kuona. Lakini mtoto aliyechota mawese chunguni kwa siri, hata akikana, vidole vyake vyekundu humshitaki. Petroli nayo ina alama yake. Mwaka 1934 Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya petroli vitu vyenye umbo linalofanana na rangi ya kijani ya majani. Rangi hiyo ni kazi ya mimea hai. Chuma na maji peke yake havikuweza kuiweka humo.

Shindano hili si la maneno tu. Mwenye kukosea asili ya mafuta hutoboa mahali pasipofaa. Huko Uswidi, kuanzia mwaka 1986, kisima kilitobolewa mahali paitwapo Siljan, katika mwamba mgumu, kupita kilomita 6. Fedha nyingi zilitumika, wala hayakupatikana mafuta ya kutosha kuuzwa.

Hata hivyo watu wa fundisho la kwanza walikuwa na neno moja la kweli. Gesi iitwayo methani yaweza kutokea bila uhai. Iko nyingi katika Titan, mwezi wa sayari Zohali. Lakini karibu wataalamu wote leo wakubali kwamba petroli inayochimbwa duniani imetokana na viumbe vilivyoishi.

Mawe ya Kisangani hushuhudia vivyo hivyo. Yalikuwa tope la maji ya kale, yapata miaka milioni 150 iliyopita au zaidi. Mwaka 1955 Padri Pierre de Saint-Seine alitoa kitabu juu ya samaki waliogeuka mawe, waliopatikana katika tabaka za Stanleyville, ndilo jina la zamani la Kisangani.

Mbona basi mafuta hayatiririki hapo? Mama apikaye matunda ya mchikichi anajua. Chungu kikikosa moto wa kutosha, mawese hayatoki vema. Mawe hayo hayakuzikwa chini ya kutosha, nalo joto halikumaliza kazi yake. Ndiyo maana petroli ya Kisangani huletwa kutoka mbali.

Mendeleev alikuwa na jina kuu, na kwa mambo mengine alistahili sifa. Lakini ukweli haupimwi kwa ukubwa wa jina la msemaji. Hupimwa kwa ushuhuda, hata kama shahidi ni jiwe jeusi la kando ya mto.

Maswali
1. Neno petroli maana yake nini?
2. Treibs aliona nini ndani ya petroli?
3. Kwa nini mawe ya Kisangani hayatoi mafuta yenyewe?